Chokaa Moja, Dutu Tatu

Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, ulianza kubanduka baada ya mvua za masika. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa kama jirani zake, na fundi tuliyemwita ni mzee wa kazi hiyo, mtu asiyetaka hata kusikia saruji ikitajwa karibu na ukuta wa chokaa. Aliniagiza kilo 25 za chokaa ambayo haijazimwa. Nikaenda. Muuzaji akachota kutoka gunia lililokuwa wazi, akapima mbele yangu, nikalipa, mkokoteni ukaleta.

Fundi alitia maji kwenye pipa, akaanza kuiangusha ile chokaa kidogo kidogo kwa sepeto, kisha akarudi nyuma na kutuambia tulinde macho. Chokaa hiyo ikikutana na maji huchemka yenyewe bila moto. Hufoka, hutoa mvuke, na pipa hupata moto hata ukiligusa unaruka. Yetu ilizama tu, kimya, kama unga wa muhogo. Mzee akachovya kijiti, akakitoa, akakitazama kwa muda.

"Hii imekufa, Bi."

Mtoto wa kaka yangu, aliye gredi ya nane, alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake la sayansi. "Shangazi, imekufaje? Si ni chokaa ileile?"

Swali hilo lilinikaa kuliko hasara yenyewe. Jibu la haraka ni kwamba si ileile. Jina ni moja na unga ni mweupe vilevile, lakini iliyokuwa ndani ya pipa na iliyotakiwa kuwamo ni dutu mbili tofauti. Sasa ukishalitamka neno "dutu" mbele ya mtoto wa skuli, umejifungulia mlango. Atataka kujua dutu na maada zina tofauti gani, halafu elementi inaingia wapi, atomu je, na kwa nini mwalimu husema masi wakati kila muuza duka husema uzito. Sayansi wanasomeshwa kwa Kiingereza, nyumbani tunasema Kiswahili, na vitabu vya Kiswahili navyo havijakubaliana: hiki kinaandika maada, kile mata. Tukaketi barazani, na haya ndiyo tuliyoyapata, mengine nikiwa nimerudi kuyasoma tena kwanza.

Nianze na maada, kwa sababu wengi huiandika "mada" na kosa hilo lina asili yake. Maneno yote mawili yametoka kwenye neno moja la Kiarabu, ambalo kwa Waarabu wenyewe hubeba maana zote mbili: kitu kinachoshikika na jambo linalosomwa au kujadiliwa. Kiswahili kiliigawa mali hiyo. Mada ikaenda kwa wazungumzaji, maada ikabaki kwa vitu. Jirani yake ni johari. Katika Kiarabu cha wanafalsafa neno hilo lilihusu dutu, kile kitu kilivyo katika kiini chake. Lilipofika pwani likawa kito cha pete. Wanafalsafa wakapoteza, masonara wakapata.

Katika sayansi, maada ni chochote chenye masi, yaani wingi unaopimwa kwa kilo, na kinachochukua nafasi. Jiwe ni maada, maji ni maada, moshi wa udi ni maada. Hewa pia, ingawa watu hubisha hapa. Mita moja ya ujazo ya hewa ina zaidi kidogo ya kilo moja, kwa hiyo chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 3 kina zaidi ya kilo 40 za hewa. Ukimwambia mtu kwamba chumba chake "kitupu" kina gunia la hewa ndani yake, atakutazama kama umeota.

Mwanga, sauti, kivuli na joto si maada. Kwa joto nakuomba usimcheke anayekosea, kwa sababu amekosea pamoja na wakubwa. Mwaka 1789 Antoine Lavoisier wa Ufaransa, mtu ambaye kemia ya leo inamtambua kama baba yake, alichapisha orodha ya vitu 33 alivyoviona kuwa vya msingi, visivyogawanyika tena. Mwanzoni kabisa mwa orodha aliweka mwanga, na pili yake joto. Alidhani joto ni kitu chepesi mno kinachotiririka kutoka mwili hadi mwili. Na humo humo, chini zaidi, kulikuwamo chokaa. Nitairudia hiyo.

Jambo la kushika kuhusu maada ni kwamba haina aina. Husemi maada hii na maada ile. Ukisema "hapa pana maada," umesema tu kwamba pana kitu, hapako patupu. Ukiuliza "maada gani?" tayari umeshavuka mpaka, unauliza habari ya dutu.

Dutu ni maada ya namna moja, ambayo popote utakapoichota muundo wake ni uleule na tabia zake ni zilezile. Maji safi ni dutu. Yatoke kisimani au kwenye barafu ya wauza samaki, yakishasafishwa kila kilichomo hayana kumbukumbu ya yalikotoka: yataganda kwenye nyuzi 0 na kuchemka kwenye nyuzi 100, mradi uko usawa wa bahari, na sisi Mombasa usawa wa bahari hatuutafuti mbali. Yakiwa mango, yaani barafu, yakiwa kimiminika au mvuke, dutu ni hiyo hiyo moja. Kilichobadilika ni hali.

Si kila kitu chenye jina moja ni dutu moja. Tazama juu ndani ya nyumba ya kizamani, utaona boriti za mkoko zimebeba dari. Boriti ni maada, hilo halina mjadala. Ni nyenzo pia, kwa kuwa tunajengea. Lakini si dutu moja: mti una selulosi, una lignini, una maji, una chumvi na mengine, na viwango hutofautiana kutoka mti hadi mti. Neno nyenzo, kama malighafi, humtazama mtumiaji: kitu hiki kinafaa kwa kazi gani? Dutu haijali kazi. Dutu huuliza: kitu hiki ni nini hasa?

Hapa ndipo chokaa inapotuumbua. Nyanya yangu alikuwa na kisanduku cha tambuu, na ndani yake, pamoja na popoo na katu, kijikopo cha chokaa laini iliyolowa. Aliichota kwa ncha ya kidole, kidogo mno, akapaka jani. Ikizidi inaunguza ulimi. Hiyo ni chokaa. Iliyokauka ukutani na kuacha unga mweupe begani ukiegemea, hiyo nayo ni chokaa. Na ile inayotoka tanurini, inayofoka ikionja maji, ni chokaa. Jina moja, dutu tatu.

Mzunguko wake ni wa kupendeza. Unaanza na jiwe la tumbawe. Sehemu kubwa ya jiwe hilo ni kaboneti ya kalisi: kalisi, kaboni na oksijeni vilivyofungamana. Wachoma chokaa wa pwani hii walipanga magogo kwa duara, wakarundika matumbawe juu, wakawasha. Kwenye nyuzi 900 hivi jiwe huachia gesi, ile ya kaboni dioksidi, na kinachobaki ni oksidi ya kalisi. Hiyo ndiyo iliyo hai, ndiyo fundi aliyoitaka. Ukiitia maji inayameza kwa ghadhabu, joto linatoka, na unapata haidroksidi ya kalisi, yaani chokaa iliyozimwa, ya kijikopo cha nyanya na ya ndoo ya fundi. Ukiipaka ukutani, huanza taratibu kuvuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kuachia maji, mpaka inarudi kuwa kaboneti ya kalisi. Jiwe limechomwa, limelowekwa, limepakwa, na limerudi kuwa jiwe. Kuta za Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ni matumbawe yaliyoshikanishwa na matumbawe yaliyopitia moto.

Kinyume chake pia kipo, dutu moja yenye majina mengi. Tumbawe, kauri ya baharini, ganda la yai, marumaru ya msikitini: vyote kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya kalisi. Chembe hupangika kwa namna mbili, ndiyo sababu kauri hailingani na marumaru kwa ugumu na mng'ao, lakini ukivitonea siki vyote vitatoa mapovu yaleyale ya gesi ileile. Mtoto akaongeza chaki kwenye orodha. Nikamwambia asubiri, maana chaki nyingi za skuli siku hizi ni jasi, na jasi ni salfeti ya kalisi, dutu nyingine kabisa. Akakiharibu kipande kizima cha chaki kwa siki ili kunihakikisha. Hakikutoa povu, nikapumua.

Lugha ya nyumbani hufuata matumizi na rangi, lugha ya kemia hufuata kilichomo. Hakuna iliyokosea. Ugomvi huanza pale neno la upande mmoja linapotumiwa kujibu swali la upande wa pili, na mfano wa kila siku ni "kemikali." Wauzaji wa sabuni na mafuta ya nywele hutuambia bidhaa zao hazina kemikali. Kemikali ni dutu tu iliyovalishwa hofu. Maji ni kemikali, mafuta ya nazi yamejaa kemikali, na chupa isiyo na kemikali hata moja ni chupa ambayo hewa yote imevutwa nje, nayo chupa yenyewe ingebidi iwe haipo.

Turudi kwa Lavoisier na chokaa yake. Kwa nini aliiweka kwenye orodha ya vitu vya msingi? Kwa sababu hakuna aliyekuwa ameweza kuivunja. Unaweza kulichoma jiwe likatoa gesi, lakini oksidi iliyobaki ilistahimili kila moto wa zama zile. Kanuni ya Lavoisier ilikuwa ya uaminifu: elementi ni dutu ambayo tumeshindwa kuigawa katika dutu nyingine, na jina hilo italibeba hadi atakayeweza atokee. Mwenyewe alishuku kwamba chokaa huenda imeficha metali, ila kushuku si kuona. Alikatwa kichwa mwaka 1794 wakati wa mapinduzi, na hakuishi kumwona Humphry Davy, huko London mwaka 1808, akipitisha umeme wa betri kwenye chokaa yenye unyevu na, kwa msaada wa zebaki, akitoa metali ya rangi ya fedha. Akaiita kwa jina linalotokana na neno la Kilatini la chokaa. Kwetu inaitwa kalisi. Siku hiyo chokaa iliteremshwa cheo. Haikuwa elementi tena, ilikuwa kampaundi: elementi mbili, kalisi na oksijeni, zilizoungana kikemia na kuzaa dutu isiyofanana na yeyote kati ya wazazi wake.

Kwa hiyo elementi na kampaundi zote ni dutu. Tofauti ni kwamba kampaundi inaweza kuvunjwa ikawa dutu nyingine kwa njia ya kemia, elementi haivunjiki hivyo. Zinazojulikana leo ni 118, na vitu vyote barazani, pamoja na baraza lenyewe, vimetengenezwa kwa chache kati yake.

Atomu ndiyo iliyomsumbua mtoto zaidi. "Mwalimu anasema kalisi ni elementi, halafu anasema kalisi ni atomu. Ipi?" Nikamwambia aandike neno KIKAPU. Ameandika herufi ngapi? Sita. Ametumia herufi ngapi? Akahesabu: K, I, A, P, U. Tano. Majibu yote mawili ni sahihi, kwa sababu neno herufi linatumika kwa aina na pia kwa ile moja iliyoandikwa kwa wino. Elementi ni aina. Atomu ni ile moja iliyoandikwa. Kuna elementi moja tu ya kalisi ulimwenguni, na kuna atomu za kalisi zisizohesabika ndani ya jino lako.

Molekuli ni kama neno: atomu mbili au zaidi zilizoshikana na kutembea pamoja. Molekuli ya maji ina atomu mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni. Lakini angalia mtego: oksijeni tunayoivuta nayo hutembea kwa molekuli, atomu mbili mbili, na hata hivyo si kampaundi kwa kuwa aina ni moja tu. Neno "baba" lina herufi nne. Neno "aa" lina mbili za aina moja, na bado ni neno. Na mtego wa pili, ambao hata vitabu huuruka: kaboneti ya kalisi haina molekuli. Chumvi ya mezani pia haina. Ndani yake chembe zimepangana safu kwa safu pande zote, kama mikeka iliyofumwa bila ukingo, na hakuna mahali utakapokata ukasema molekuli moja imeishia hapa. Wanaosema "molekuli ya chumvi" hawajui walichokikata.

Baina ya kampaundi na mchanganyiko ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama, na dawa yake iko kwa sonara. Bangili ya dhahabu ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu kati ya 24, zilizobaki ni shaba au fedha. Ndiyo sababu bangili nyingine hupigwa mhuri wa 916, maana 22 kwa 24 ni kama 916 kwa 1000. Sonara akitaka atakutengenezea ya karati 21, au 18. Anaamua yeye. Uwezo huo wa kuamua ndio dalili ya mchanganyiko: viungo viko pamoja bila kuungana kikemia, kiwango ni hiari. Kwenye kampaundi hakuna hiari. Maji ni gramu 8 za oksijeni kwa kila gramu 1 ya hidrojeni, Mombasa na kwingineko, na ukizidisha hidrojeni hupati maji mazito zaidi bali maji yaleyale na hidrojeni imebaki pembeni inakutazama. Maji ya bahari, hewa, mchuzi, udongo, na ule ujiuji wa chokaa na mchanga anaoupiga fundi ukutani, ni michanganyiko. Mzee wetu hukoroga kwa jicho, mara mchanga zaidi mara chokaa zaidi, kulingana na ukuta. Oksidi ya kalisi haimpi nafasi hiyo: gramu 40 za kalisi kwa 16 za oksijeni.

Hapo mtoto akauliza nilichokuwa nakingoja: hizo gramu zinatoka wapi?

Majina yote tuliyoyataja hujibu swali la "nini." Masi hujibu swali la "kiasi gani," na chokaa ndiyo iliyosaidia kulifundisha somo hilo pia. Kabla ya Lavoisier alikuwapo Joseph Black, daktari wa Uskoti, aliyekuwa akichunguza dawa za kuyeyusha mawe ya kibofu, chokaa ikiwa mojawapo. Badala ya kutazama na kueleza rangi na harufu, alipima kwenye mizani kabla na baada. Mwaka 1756 alichapisha alichokigundua: jiwe linalochomwa huwa jepesi kwa sababu limeachia hewa ya namna yake, na ukiirudishia chokaa hewa hiyo, upungufu unarudi. Kwa hesabu za leo, gramu 100 za kaboneti ya kalisi hutoa gramu 56 za chokaa hai na gramu 44 za kaboni dioksidi. Hakuna kilichopotea. Maada imebadilisha dutu, masi imebaki ileile. Gramu 56 hizo zinywe gramu 18 za maji, upate 74 za chokaa iliyozimwa. Joto lote lile lililotoka halikupunguza chochote ambacho mizani ya dukani ingekiona, kwa kuwa joto, samahani kwa Lavoisier, si kitu cha kupimwa kwa kilo.

Lakini kwa nini 56 zitake 18 hasa? Hapa inaingia istilahi nyingine inayochanganywa na masi, nayo ni kiasi cha dutu. Hupimwa kwa moli. Wauzaji wa miti ya mkoko hapa pwani walihesabu kwa korija, yaani miti 20. Korija ya fito na korija ya nguzo ni sawa kwa idadi, lakini wapagazi hawatadai ujira sawa. Moli ni korija ya wakemia, ila badala ya 20 ni idadi kubwa isiyosemeka, 602 ikifuatwa na tarakimu 21. Gramu 56 za chokaa hai ni moli moja. Gramu 18 za maji ni moli moja. Chembe kwa chembe zinatoshana, kila moja inapata mwenzake, ingawa mizani inaonyesha mlima na kichuguu.

Uzito sasa. Dukani tunasema uzito wa mchele ni kilo mbili na tunaelewana, wala sitakwenda sokoni Kongowea kumsahihisha mtu. Kwa mwanafizikia, hata hivyo, kilo ni kipimo cha masi, wingi wa maada uliomo. Uzito ni nguvu ambayo dunia inakivutia kitu, na hupimwa kwa niutoni. Masi husafiri na kitu. Uzito hubadilika kwa mahali. Mwezini ungebaki sehemu moja ya sita ya uzito wako na masi yako yote. Huna haja ya kufika mwezini pia: sisi tuko karibu na ikweta na mvuto hapa ni niutoni 9.78 kwa kila kilo, London ni 9.81. Mizani ya springi iliyorekebishwa London, ukiileta Mombasa na kuning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50, itasoma pungufu kwa gramu 160 hivi, na hakuna aliyeiba. Mizani ya vitanga viwili haitakosea, kwa kuwa dunia inavuta vitanga vyote sawasawa.

Na ujazo ni jambo jingine tena, ingawa wazee wetu hawakulichanganya. Pishi na kibaba vilikuwa vipimo vya ujazo, vibaba vinne kwa pishi, ndiyo maana haba na haba hu-*jaza*. Frasila, kilo 16 hivi, ilikwenda mizanini. Mfanyabiashara aliyekubaliana kwa pishi akalipa kwa frasila alijua vizuri kwamba pishi ya pamba na pishi ya mchele si ndugu. Uwiano huo wa masi kwa ujazo ndio densiti. Dhahabu ni gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, fedha 10.5, na kwa tofauti hiyo bangili ya uongo hukamatwa kwenye bilauri ya maji.

Sasa ile chokaa iliyokufa. Gunia lilikuwa wazi, pengine kwa miezi, kwenye hewa ya Mombasa ambayo kwa unyevu wake haikaushi hata nguo. Chokaa hai haikungoja pipa letu. Ilikunywa unyevu pale dukani, ikavuta kaboni dioksidi, ikarudi kimyakimya kuwa jiwe la unga. Nilikaa na kalamu. Ikiwa ilikuwa imegeuka yote kuwa kaboneti, basi katika zile kilo 25 zilizopimwa mbele ya macho yangu, chokaa ilikuwa kilo 14. Kilo 11 nilizilipia hewa. Mizani haikudanganya hata kidogo. Ilisema masi, mimi nikadhani imesema dutu.

Tulinunua nyingine, kwa mtu anayeifungia kwenye mapipa yenye mfuniko. Hiyo ilifoka mpaka paka akahama. Mzee akaizima, akaiacha ipoe, akapiga ukuta siku ya tatu. Akatuagiza tuunyunyizie maji kila jioni kwa wiki nzima, na kazi hiyo akapewa mtoto na kopo lake.

"Shangazi, si tunataka ukauke? Mbona tunaulowesha?"

Kwa sababu kaboni dioksidi lazima iyeyuke kwanza kwenye unyevu ndipo ikutane na chokaa. Ukuta ukikauka upesi, hubaki unga. Kila gramu 74 za chokaa iliyozimwa zinataka gramu 44 za gesi ili ziwe gramu 100 za jiwe, na gramu 18 za maji ziage. Akajumlisha kwenye daftari pande zote mbili, akapata 118 kwa 118, akaridhika.

"Na hizo 44 zinatoka wapi?"

"Nyingine unazitoa wewe, ukipumua."

Akaweka kopo chini, akausogelea ukuta karibu kabisa, akaupulizia.